Nusu Meli Woodbury, Nusu Meli Apple Valley

Nyinyi mliofaulu mtihani wa kutunza wazee mwaka huu, mkapigiwa makofi kanisani mpaka mkadhani mmekuwa madaktari, hongereni. Mimi nimestaafu. Magoti yangu yalistaafu kwanza, nami nikayafuata. Kiongozi wenu wa vijana ameniomba niwaandikie maneno ya kuwatia moyo. Nimeyatafuta sana, sikuyaona. Nilicho nacho ni habari za meli, basi mtanisamehe.

Ndiyo, meli. Hapa hapa Minnesota, ambako bahari iko mbali hata ukipanda ndege. Someni tu.

Lakini kabla ya meli niwape ya kazi, mama zenu wasije wakasema nimewajaza porojo. Pasheni mikono moto kabla ya kumgusa mzee. Ukiingia umetoka kwenye baridi ya Januari ukamshika mgongo na vidole vile, atakuchukia mpaka theluji iyeyuke, na ni haki yake. Soksi mvishe angali amelala, usingoje aketi miguu ikining'inia. Usimuulize kama anataka kuoga, maana hataki. Sijawahi kumwona anayetaka. Muulize, "Tuanze na miguu au mgongo?" Atasema mgongo, na hapo mtakuwa mmeshaanza.

Hayo alinifundisha Mama Bahati, mkimbizi kutoka Uvira, Kongo, aliyenitangulia kwenye kazi hii. Mimi nilikuja na cheti changu kipya na mbio zangu za Mombasa, nikamgeuza mzee wangu wa kwanza kama godoro. Mama Bahati akanisukuma pembeni kwa kiwiko. "Dada, kitanda ndiyo unatandika. Mutu unamuomba. Polepole, pardon, tena polepole. Voilà." Alikuwa na amri nyingine aliyonikumbusha kila tulipoingia nyumba yenye ndugu wanaogombana: nibebe beseni, nisibebe maneno. Hiyo niliivunja mapema sana, na ndiyo ninayotaka kuwasimulia.

Mzee Walter aliishi Woodbury, kwenye mtaa wa nyumba zinazofanana kiasi kwamba asubuhi ya kwanza nilimwamkia mtu mwingine kabisa. Alikuwa mwalimu wa hesabu mstaafu, mrefu, mkavu, mwenye ulimi wa kuparuza. Moyo wake ulikuwa umechoka na miguu inavimba. Kazi yangu ilikuwa kumwogesha, kumpikia uji, na kusikiliza matusi yake, ambayo, lazima niseme, yalikuwa yamepangwa vizuri. Naandika hapa kwa Kiswahili, lakini yeye alitukana kwa Kizungu.

Sebuleni kwake kulikuwa na picha moja tu. Meli ya mizigo ya mvuke, ya chuma, dohani moja ndefu inafuka moshi, na chini yake jina: Adelina. Ilikuwa ya enzi za Malkia Victoria. Mimi baba yangu alikuwa kuli wa bandari Kilindini, kwa hiyo meli hainibabaishi. Nikamuuliza kwa adabu tu.

"Uliwahi kuifanyia kazi?"

"Naimiliki."

"Iko wapi?"

"Chini ya bahari."

Nikajiambia, ala, kumbe na akili nazo zimeanza kuondoka, nimwarifu nesi. Baadaye nikagundua akili zake zilikuwa timamu kabisa. Wazimu ulikuwa wa ukoo mzima.

Waingereza wa zamani, kwa taarifa yenu, waligawa umiliki wa meli katika hisa sitini na nne. Msiniulize kwa nini si mia. Babu yake babu yake Walter alianza na hisa chache, akawanunua wenzake mmoja mmoja mpaka Adelina ikawa yake yote. Alipoipata yote akaona kulipia bima ni kutupa hela. Haikuchukua muda Adelina ikapanda mwamba kwenye ukungu wa pwani ya Hispania, ikiwa imejaa makaa ya mawe, ikazama na nahodha wake na karibu mabaharia wote. Mzee akafilisika. Watoto wake wakahamia Minnesota kulima ngano, mbali na maji ya chumvi kadiri miguu ilivyoweza kuwafikisha.

Sasa sikilizeni uzuri wake. Kama meli ingekuwa na bima, wenye bima wangelipa na mabaki yangekuwa yao. Kwa kuwa mzee yule alikuwa bahili, mabaki yalibaki mali ya familia. Wakarithishana chuma kilichozama, baba kwa mwana, kwa mzaha wa mezani, mpaka baba yake Walter naye akafa akaacha wasia: hisa thelathini na mbili kwa Walter, thelathini na mbili kwa dada yake, Dorothy. Walter aliniambia siku ile waliposomewa walicheka mpaka machozi yakawatoka.

Kisha wapiga mbizi wakaipata. Wakapiga simu kutoka Hispania, watu wastaarabu, wakauliza kama wenye meli wanaruhusu kengele yake itolewe. Dorothy akasema itolewe, iletwe, ataitundika ukutani kwake. Walter akasema isiguswe, pale wamelala watu. Wakapiga kura: thelathini na mbili kwa thelathini na mbili. Wakapiga tena, kana kwamba hesabu ingebadilika. Wakabishana hata kilichoizamisha: Walter akasema nahodha alikuwa mlevi, Dorothy akasema ni ukungu tu. Nyinyi mna mashamba huko nyumbani, mnajua kesi ya mpaka inavyotembea. Inaanza na jiwe moja, inaishia kwenye nani alimuuguza mama na nani alikuja na maua tu. Tangu siku hiyo hawakusemezana. Walter alikuwa ameiona bahari mara moja maishani, akatapika. Dorothy hakuwahi kuiona kabisa.

Baada ya muda ofisini wakaniongezea mteja wa mchana, Apple Valley, bibi aliyevunjika nyonga. Meneja wetu, Kibet, kijana wa Eldoret mwenye tai na haraka, akaniambia bibi huyo alinitaka mimi kwa jina, hataki mwingine. Nikavimba kichwa, nikadhani sifa zangu zimevuka mto. Nafungua mlango, naona ukutani meli ile ile, dohani ile ile. Bibi yuko kwenye kiti, mrefu, mkavu.

"Wewe ndiye unayeenda kwa kaka yangu," Dorothy akasema. "Mimi sitaki habari zake. Ana hali gani?"

Basi ndivyo nilivyokuwa daraja. Asubuhi namwogesha mwenye nusu meli Woodbury, mchana navuka Mississippi kwenda kumwogesha mwenye nusu ya pili Apple Valley, jioni narudi kwangu Richfield kichwa kinauma. Nilikuwa najua kitu ambacho wao wawili hawakutaka kukiangalia: nesi wa moyo alikuwa ameniambia Walter hana muda mrefu. Nilitaka jambo moja tu. Nilitaka dada yake aketi kwenye kiti kile kando ya kitanda kabla mzee hajaondoka. Wakubwa wa kazi hii huwa wanatuomba tujifunze kutojali. Mimi somo hilo nilifeli.

Sasa semeni kweli. Mkitoka kwa shangazi mkaenda kwa mjomba, mnaingiaje? "Shangazi anakusalimia." Shangazi alisema? Wapi! Shangazi alikuwa jikoni anapigana na sufuria, hata hakuwaona mkitoka. Lakini utatokaje nyumba ya mtu uingie kwa ndugu yake bila salamu? Sisi hatuuiti uongo. Ni kama kufuta miguu mlangoni. Wazungu wa hapa hawana jambo hilo. Mtu akikwambia fulani anakusalimu, amini fulani alifungua mdomo akasema.

Hilo nililijua. Nililisahau kila siku saa nane mchana.

Walter alikuwa akisema, "Mwambie huyo mwanamke kengele ataiona siku nitakapokuwa nimekufa, na hata hapo nitamsumbua." Mimi nililelewa Utaita kabla ya kushukia Mombasa, hata mdomo wangu haujui kumpelekea mtu mzima neno kama hilo. Nikianza kuvuka daraja tusi linanisumbua kooni. Nikifika ng'ambo limeshakuwa jingine. "Kaka yako anakusalimu," namwambia Dorothy. "Anauliza nyonga inaendeleaje."

Dorothy alikuwa ananyamaza kidogo. Kila mara. Kisha anauliza, "Anakula?"

Kesho yake Woodbury: "Dada yako anakusalimu. Anauliza kama unakula." Angalau nusu yake ilikuwa kweli. Walter anaguna, anageukia dirishani, na siku hiyo uji anaumaliza.

Mambo yakaenda hivyo majira yote ya vuli. Nikaanza hata kujipongeza. Nilimwambia Mama Bahati kwenye simu kwamba hawa nimewashika, bado kidogo tu. Mama Bahati akasema, "Weye utafukuzwa kazi," akakata simu.

Siku ya Shukrani nilikuwa Woodbury nakata nyama ya bata mzinga vipande vidogo. Simu ya nyumbani ikalia. Vidole vya Walter havikuwa na nguvu ya kuishika, kwa hiyo nikaiweka kwenye spika. Ilikuwa Dorothy. Sauti yake mwenyewe, baada ya miaka yote ile. Nikajua Mungu amejibu.

"Walter," akasema, "nimepiga kukushukuru kwa salamu zako. Sikutegemea. Zimenisaidia sana wakati wa nyonga."

Walter akanitazama. Akaitazama simu.

"Salamu gani?"

Mimi nilibaki na kisu mkononi. Nyinyi mnaojua Kiingereza kizuri mngeweza kueleza mila. Mimi nilisema, "Bata anapoa."

Adelina ilizama mara ya pili siku hiyo. Dorothy alikata simu. Walter alikataa kula. Jumatatu Kibet akaniita ofisini. Dorothy alikuwa amepiga simu kulalamika kwamba nimemdanganya, kwamba nimemfanya kizee mjinga, na alilia akisema hivyo, jambo lililomtisha Kibet kuliko malalamiko yenyewe. "Mum," akaniambia, "tuliongea hii story ya boundary, usiingie mambo ya family ya client. Ukirudia, nakutoa kwa hizo nyumba zote mbili." Nikamwambia sawa. Nikaenda kwenye gari nikalia mpaka vioo vikawa na ukungu. Si kwa ajili ya kazi. Yule bibi alikuwa amefurahia salamu za kaka yake miezi kadhaa, nami nimemnyang'anya.

Nilidhani Dorothy atamtaka mtunzaji mwingine. Hakumtaka. Nafikiri alitaka mtu wa kumnunia, na wa kununiwa ni lazima awepo. "Kuanzia leo," aliniambia, "usiniletee neno lolote kutoka nyumba ile." Basi nikawa bubu. Naogesha bubu, napika bubu. Alikuwa bado anauliza, "Anakula?" lakini sasa aliiuliza picha ukutani.

Wiki chache baadaye Walter akaacha kutoka kitandani. Wakaja wale manesi wa siku za mwisho, wataratibu, wenye viatu visivyo na sauti. Mmoja akaniambia tuanze kuwaita wanaotaka kuaga. Wa kuita alikuwa mmoja.

Asubuhi hiyo nilikuwa nampaka mafuta visigino. Visigino, vijana, msivisahau kamwe. Huko ndiko vidonda huanzia. Nikadhani amelala. Akasema, macho kayafumba:

"Zile salamu ulizobuni."

"Ndiyo, Mzee Walter. Samahani."

"Sitaki samahani. Ukimpa, yeye alikuwa anasema nini? Kweli kweli, si mambo yako ya Mombasa."

Nikamwambia. "Alikuwa ananyamaza kwanza. Halafu anauliza kama unakula. Kila siku. Hiyo sikuibuni."

Alinyamaza hivyo hivyo kama dada yake. Nikamaliza kisigino cha kulia, nikaingia cha kushoto. Kisha akafungua macho akanipa ujumbe, polepole, akivuta pumzi kati ya neno na neno, na akanilazimisha niurudie kama mwanafunzi mpaka nikauweza.

Nilivuka mto siku hiyo theluji inaanguka. Dorothy alikuwa kwenye kiti chake. Nikapiga magoti mbele yake ili nisimwongeleshe kutoka juu. Na mnajua nilichofanya? Sikufundishika. Nikaanza vile vile:

"Kaka yako anakusalimu kwa upendo. Amekupa hisa yake moja ya meli. Anaomba uje."

Uso wake ukafunga. "Umeanza tena," akasema. "Toka mbele yangu."

"Safari hii ni kweli."

"Kweli? Walter, kwa upendo? Wewe mama, huna aibu."

Ala! Huo ndio uchungu wa kuzoea kutia sukari: siku unapoleta ukweli, haunyweki. Nilimwona akitafuta simu ampigie Kibet. Kule Woodbury mtu anahesabu pumzi. Nikafanya ambacho sijawahi kukifanya kwa mtu mzima tangu kuzaliwa. Nikasimama, nikapandisha mabega kama Walter, nikautoa ule ujumbe wote kama alivyonikaririsha, bila kupunguza.

"'Mwambie yule punda mzee amekuwa akikosea tangu ana miaka minne, na nahodha alikuwa mlevi vilevile. Hisa moja ni yake. Sasa ana thelathini na tatu, hesabu ambayo natumaini anaiweza. Aitoe hiyo kengele, ajifunge shingoni kama ng'ombe, tumsikie akija. Na aje upesi, mimi sina siku nzima.'"

Nilingoja radi inipige.

Dorothy aliweka simu chini. Mdomo ukamcheza. Akacheka, cheko moja la kukwaruza, kisha akaziba uso kwa mikono yote miwili na mabega yakaanza kutikisika.

"Huyo ndiye yeye," akasema. "Ee Mungu wangu, huyo ndiye yeye. Niletee koti."

Sasa, kampuni yetu ilikuwa na sheria: mteja hapandi gari lako. Hata kidogo. Nikampigia Kibet, nikamweleza yote kwa pumzi moja. Akasema, "Mum, network ni mbaya, sikusikii kabisa," akakata. Network ilikuwa safi kama maji ya Taita. Yule kijana namwombea mpaka leo.

Nikampakia bibi na fimbo yake na mto wa nyonga, tukaenda mwendo wa kobe, theluji inapiga kioo, yeye anasema ovateki, yapite hayo magari, mimi nasema bibi, hata kanisani sijawahi kufika bila kuteleza. Tulipofika nilimshika kiuno mpaka chumbani. Walter alikuwa na rangi ya nta. Nikaona tumechelewa. Akafungua jicho moja.

"Umenenepa," akasema.

"Nawe umekauka," dada yake akasema. "Na nahodha hakuwa mlevi."

Nikavuta kile kiti nikamkalisha. Nilitoka nikaenda jikoni, nikafungua bomba la maji ili nisiwasikie, nikaosha vyombo vilivyokuwa visafi.

Walibishana siku zilizobaki zote. Nesi mmoja akaniuliza kama tuwatenganishe, mgonjwa anahitaji utulivu. Nikamwambia akithubutu tutakosana. Walter alikufa Dorothy akiwa katikati ya kumweleza jambo kuhusu ukungu, kamshika mkono, wala hakujua kwa muda kidogo kwamba msikilizaji ameondoka. Nami nilimwacha amalize sentensi.

Sasa mtaniuliza, basi tufuate sheria au tuzivunje? Sijui. Ujumbe ukiupeleka, upeleke na miba yake. Mwenyewe ataijua miba ya nduguye. Zaidi ya hapo mwulizeni Kibet, kama network itakuwa nzuri.

Baada ya mazishi niliendelea kwenda Apple Valley. Walter hakuwa na mke wala mtoto, kwa hiyo hisa zake zote zilimfikia dada yake. Mchana mmoja nilimkuta ametazama picha ya Adelina, chai iko mbele yake haijaguswa. Wapiga mbizi walikuwa wamepiga simu tena kuulizia kengele.

"Nimewaambia waiache huko huko," akasema.

Nikashangaa. "Lakini wewe ndiye uliyeitaka miaka yote hii. Na sasa nani wa kukupinga?"

"Hakuna," Dorothy akasema. "Zote sitini na nne ni zangu. Meli nzima." Akajaribu kutabasamu, ikamshinda. "Nimekaa hapa tangu asubuhi nasubiri mtu aniambie nimekosea."

Nikavuta kiti, nikakaa karibu naye. Nikakunja uso kadiri nilivyoweza, nikamwambia kwamba amekosea vibaya sana, kengele ile ingependeza mno pale ukutani, na kwamba nijuavyo mimi nahodha yule alikuwa mlevi wa kupindukia. Dorothy akainuka kwenye kiti chake, akaninyooshea kidole, akanibishia mpaka shifti yangu ikaisha.